Maswali ya Wasomaji: Nani Ashike Ufunguo wa Jikoni?

Mwezi huu nimeweka kando barua nyingine ili nijibu tatu zilizofika karibu kwa pamoja, zote zikihusu watu wazima wenye ulemavu wa ukuaji ambao maisha yao ya kila siku yamo mikononi mwa watu wengine. Kwa jina hilo ninakusudia ulemavu ulioanza utotoni au ujanani na unaotarajiwa kudumu, kama vile ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo na hali ya Down. Sheria ya Marekani huhesabu ule ulioanza kabla ya mtu kufikisha miaka 22 na unaomzuia kwa kiasi kikubwa katika mambo yasiyopungua matatu kati ya saba, yakiwemo kujitunza, kuelewa na kutumia lugha, na kujiongoza. Barua mbili zimetoka huko Marekani, ambako Waswahili wengi wameingia katika kazi ya kuhudumia watu hawa kwa zamu, na ya tatu imetoka Mombasa. Nimezifupisha, na mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyaondoa.

Swali la kwanza

Mwalimu, salaam nyingi. Mimi ni Mkenya, na huu ni mwaka wangu wa pili katika nyumba ya kikundi huku Minnesota, zamu ya usiku. Tuna wakazi wanne, wote wanaume. Mmoja ana miaka 56, ana ulemavu wa akili pamoja na kisukari, na maneno yake ni machache. Mimi humwita Mzee kwa sababu ni rika la baba yangu mdogo, lakini wenzangu hunicheka na wao humwita kwa jina lake la utotoni. Kila usiku mnamo saa tano Mzee huamka akaenda jikoni kutafuta chakula. Mwezi uliopita msimamizi wetu alitia kufuli kwenye friji na kabati, akanikabidhi ufunguo, akasema kuwa tukimwachia atakula hadi afe na sisi ndio tutakaoshtakiwa. Tangu siku hiyo Mzee huja, huvuta kufuli, hunitazama, kisha hurudi kitandani. Sijui kama ninamlinda au ninamnyima. Nifanye nini bila kupoteza kazi?
Mwenye ufunguo, Minnesota

Jibu

Ndugu mwenye ufunguo, kabla hatujafika kwenye kufuli, tazama saa. Nimefanya kazi katika nyumba za namna hiyo kwa muda wa kutosha kujua kwamba chakula cha jioni mara nyingi hupakuliwa saa kumi na nusu au saa kumi na moja, si kwa sababu wakazi wana njaa saa hiyo, bali kwa sababu watu wa zamu ya jioni wanataka kuosha vyombo, kuogesha, kugawa dawa na kuandika daftari kabla ya kukabidhi. Tangu saa kumi na moja hadi saa tano usiku ni saa sita kamili. Mimi na wewe tukikaa saa sita bila kitu, tena tukijua kwamba mezani hapatawekwa chochote hadi asubuhi, tungeamka na kuifuata friji vilevile. Inawezekana kabisa kwamba kinachoandikwa katika faili la Mzee kuwa ni tabia mbaya ni njaa iliyotengenezwa na ratiba ya wafanyakazi.

Kuna jambo jingine ambalo halingoji mkutano. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, anaweza kushukiwa na sukari usiku, na njaa ni mojawapo ya dalili za hali hiyo, pamoja na jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Mwenye maneno machache hawezi kukueleza kinachompata mwilini. Anachoweza ni kwenda jikoni. Mwarifu muuguzi wa nyumba leo, kabla ya zamu yako kuanza, na umwombe maelekezo ya maandishi kuhusu kumpima sukari saa hiyo. Ikiwa ndivyo ilivyo, basi kufuli ulilokabidhiwa ni hatari kubwa kuliko soda yoyote.

Sasa sheria. Ikiwa nyumba yenu inalipwa kupitia utaratibu wa Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wenye ulemavu, wa huduma za nyumbani na katika jamii, ambao ulianzishwa mwaka 1981 ili watu wasilazimike kuishi katika makao makubwa ndipo wapate msaada, basi inabanwa na kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2014, ambayo majimbo yalipewa hadi tarehe 17 Machi 2023 kuitekeleza. Kanuni hiyo inasema kwamba mkazi wa nyumba ya mtoa huduma ana haki ya mkataba unaomlinda asifukuzwe ovyo, ya mlango wa chumba unaofungika kutoka ndani, ya kuchagua atakayelala naye chumba kimoja, ya kupamba chumba chake apendavyo, ya kupanga saa zake na shughuli zake, ya kupokea wageni awatakao wakati wowote, na ya kupata chakula wakati wowote. Nimekiweka chakula mwisho makusudi. Hapakuandikwa wakati wa mlo, wala mpaka jikoni pafungwe. Paliandikwa wakati wowote, na anayetaka kupunguza haki hiyo ndiye anayetakiwa kujieleza.

Maelezo yenyewe si mepesi. Lazima mpango wa huduma wa mtu huyo, kwa jina lake, uonyeshe hitaji mahususi lililopimwa. Njia nzuri zilizotumika kabla ya kufikia kizuizi. Njia nyepesi zilizojaribiwa zikashindwa. Namna kizuizi kinavyolingana na hitaji bila kulizidi. Kumbukumbu zitakazokusanywa ili ijulikane kama kinafaa. Tarehe ya kukipitia upya. Ridhaa ya mhusika baada ya kuelezwa. Na uhakikisho kwamba kizuizi chenyewe hakitamdhuru. Kauli ya msimamizi kwamba mtu atakula hadi afe si mojawapo ya hayo, hata ikisemwa kwa nia njema. Tena, kufuli moja limefunga watu wanne. Hata kama Mzee angekuwa na kizuizi halali, wale watatu wengine hawana kisukari chake, na nyumba inapaswa kuwapa njia yao ya kufikia chakula bila kukuomba wewe. Nyumba zinazosajiliwa kama vituo vya uangalizi wa kati, yaani makao yanayotoa uangalizi na tiba saa zote, haziguswi na kanuni hii, kwa kuwa zina kanuni zake zenyewe, lakini nazo zinataja haki za mkazi.

Kwa hiyo usianze kwa kubishana na msimamizi kuhusu utu na haki. Mwombe jambo dogo: akuonyeshe ukurasa wa mpango wa huduma unaoruhusu kufuli hilo, ili uweze kuufuata vizuri. Ukurasa ukiwepo, usome, uone tarehe yake na kama Mzee aliridhia. Usipokuwepo, swali lako limekwisha kuwa barua, na unaweza kuliandika kwa heshima kwa msimamizi na kwa mratibu wa huduma wa Mzee. Usiposikilizwa, kila jimbo lina shirika la ulinzi na utetezi wa watu wenye ulemavu wa ukuaji, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1975, na kazi yake ni kupokea malalamiko ya namna hii, yawe yameletwa na mkazi, na jamaa au na mfanyakazi.

Usidhani kwamba sheria hiyo ya 1975 ilishuka kutoka hewani. Miaka mitatu kabla yake, Januari 1972, mwandishi Geraldo Rivera aliingia na kamera katika Willowbrook, makao ya serikali yaliyokuwa Staten Island, New York, yaliyojengwa kwa ajili ya watu 4,000 na ambayo katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa yamejaza zaidi ya 6,000. Watazamaji waliona watoto na watu wazima wakiwa uchi, sakafuni, katika kinyesi chao. Yalifungwa mwaka 1987. Ninaposoma habari za Willowbrook, kinachonikaa moyoni zaidi ya uchafu ni kwamba wafanyakazi wengi wa pale hawakuwa makatili. Walikuwa wachache kwa watu wengi, wakajizoesha kufanya lililorahisisha zamu, kufuli moja baada ya jingine.

Umeuliza pia, ingawa kwa kuzunguka, kama mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kweli kuamua kuhusu sukari yake. Mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske aliandika kuhusu heshima iliyomo katika kuthubutu: kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumnyima sehemu ya utu wake, kwa kuwa sisi sote tumekua kwa kujikwaa. Nakubaliana naye, lakini naongeza kwamba kuthubutu bila kuelewa si uhuru, ni kutelekezwa. Uamuzi wa Mzee utakuwa na maana endapo atakuwa ameonyeshwa mambo kwa njia anayoifahamu. Mletee vyakula vyenyewe, si maneno: tango, yai la kuchemsha, karanga, mtindi usio na sukari, na kile kipande cha keki anachokitaka. Aonje, achague, na kesho achague tena, kwa sababu jibu la usiku mmoja si msimamo wa maisha. Mweleze kwa picha kinachotokea sukari inapopanda. Kaeni naye mezani saa tatu usiku, mkijaribu kama mlo mdogo wa saa hiyo utamfanya alale. Haya ndiyo yale majaribio mepesi ambayo kanuni inadai yafanywe kwanza, na nakuapia, mara nyingi hakuna aliyeyafanya. Na jihadhari na chaguo la mapambo. Kumuuliza mtu kama anataka koti jekundu au la bluu ni jambo jema, lakini ikiwa yeye hakutaka kutoka kabisa siku hiyo, mmemshirikisha katika rangi tu.

Hofu ya kushtakiwa naielewa, kwa maana huku kazi yetu imefungwa kwa karatasi. Dawa yake ni karatasi bora, si kufuli. Usiandike katika daftari la zamu kwamba amekataa au amekubali, ukaishia hapo. Andika aliambiwa nini, kwa njia gani, akajibu vipi, akala nini, sukari ilikuwa ngapi. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea sana katika hili. Katika nyumba yangu ya kwanza palikuwa na bibi aliyepelekwa kitandani saa moja jioni kila siku, nami kwa muda mrefu niliandika, kama nilivyowakuta wenzangu wakiandika, kwamba amelala kwa hiari yake. Jioni moja theluji ilinichelewesha nikafika saa mbili na nusu, mwenzangu wa zamu alikuwa ameshughulika na mkazi mwingine, nikamkuta bibi amekaa dirishani akitazama gari linalosukuma theluji barabarani, ameshika pazia kwa mkono mmoja, anacheka. Niliposogeza kiti chake cha magurudumu kuelekea chumbani alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia. Hiari niliyoiandika ilikuwa yangu.

Mwisho, kuhusu kumwita Mzee. Umefanya vyema kuliko hao wanaokucheka, kwa sababu lugha ya kitoto kwa mtu wa miaka 56 ndiyo kufuli la kwanza, na sisi wenyewe nyumbani hatujambo kwa hilo: tumewaita watu mazuzu na taahira hata kwenye vibao vya shule, na mtu mwenye mvi bado tukamwita mtoto. Lakini je, umemuuliza yeye anapenda kuitwaje? Huenda jina la utotoni ndilo alilopewa na mama yake, na akalipenda.

Swali la pili

Mwalimu, habari ya siku. Mimi ni mama kutoka Kivu ya Kusini, tulifika Texas miaka minne iliyopita. Mtoto wangu wa kiume ana usonji na atatimiza miaka 18 mwezi wa nne. Shuleni wameniambia niende mahakamani kuomba ulezi wa kisheria, la sivyo sitakuwa na sauti tena shuleni wala hospitalini. Jirani yangu anasema nikikosa ulezi serikali itamchukua na kumpeleka kwenye nyumba ya huduma. Mimi ndiye niliyemzaa na kumbeba mgongoni tukikimbia vita. Tangu lini nahitaji karatasi ya hakimu? Yeye mwenyewe husema anataka kubaki na mimi na kufanya kazi katika duka la vyakula.
Mama wa mmoja, Texas

Jibu

Mama, jirani yako amekosea, na shule imekueleza nusu ya habari. Mtoto wa kila mtu anapofikisha miaka 18 huko uliko huwa mtu mzima mbele ya sheria, mwenye ulemavu na asiye na ulemavu, na mamlaka ya mzazi hukoma siku hiyo. Hakuna ofisi inayokuja kumchukua kwa sababu mama yake hana hati ya ulezi. Kinachobadilika ni kwamba sahihi inayotafutwa sasa ni yake, ya shuleni na ya hospitalini.

Ulezi wa kisheria ambao shule imekutajia si hati ya kuthibitisha kwamba wewe ni mama. Ni hukumu. Hakimu hutamka kwamba kijana hana uwezo, na haki zake, zote au baadhi, huhamia kwa mtu mwingine: haki ya kuchagua mahali pa kuishi, ya kuafiki matibabu, ya kufunga mkataba, ya kuoa, na wakati mwingine ya kupiga kura. Leo mlezi ni wewe. Siku ambayo wewe hupo, mahakama itamteua mwingine, na huyo akiona vyema kijana akae katika nyumba ya huduma mji wa mbali, neno la kijana halitakuwa na uzito. Ndiyo maana naona ajabu kwamba jirani amekutisha kwa nyumba ya huduma ili ukimbilie ulezi, wakati ni ulezi unaoweza kumpeleka huko bila ridhaa yake.

Jambo hilo si la kubuni. Huko Virginia, Jenny Hatch, mwanamke mwenye hali ya Down aliyekuwa na kazi na marafiki, aliwekwa chini ya walezi wa muda na kupelekwa katika nyumba za kikundi asizozitaka. Alikuwa na miaka 29 wakati hakimu wa mji wa Newport News alipotoa uamuzi, tarehe 2 Agosti 2013, kwamba arudi kuishi na marafiki aliowachagua, wawe walezi wake kwa mwaka mmoja tu huku wakimsaidia kujifunza kuamua mambo yake, kisha ulezi uishe. Uliisha. Tangu kesi hiyo majimbo mengi yametunga sheria za kutambua uamuzi unaosaidiwa, na bahati nzuri wewe unaishi katika jimbo lililotangulia mengine yote: Texas ilipitisha sheria yake mwaka 2015.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kijana wako anaandikiana na mtu anayemwamini, ambaye anaweza kuwa wewe, mkataba wa kusaidiwa kuamua, na kuutia sahihi mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati. Msaidizi anaruhusiwa kumtafutia habari anazohitaji, ziwe za hospitali au za shule, kumweleza kwa lugha anayoielewa, kumsaidia kupima mambo, na kuwaambia wengine alichoamua. Haruhusiwi kuamua kwa niaba yake. Ni hilo tu, wala hakuna hakimu ndani yake. Mwaka huohuo Texas iliziagiza mahakama zake zichunguze kwanza njia nyingine kabla ya kumpa mtu mlezi, kwa hiyo hata ukienda mahakamani utaulizwa kama umejaribu hili. Pamoja na mkataba huo, kijana anaweza kukuteua kwa maandishi uwe msemaji wake wa matibabu endapo atashindwa kusema, na kama atapata posho ya serikali ya wenye ulemavu, ofisi ya hifadhi ya jamii inaweza kukukubali uipokee na kuitumia kwa mahitaji yake bila hati yoyote ya ulezi.

Kwetu sisi jambo hili lisingehitaji kufundishwa. Nani katika ukoo wako huko Kivu alioa, akauza ng'ombe au akahama kijiji bila kukaa na wazee? Mimi sijawahi kununua kiwanja bila kumpigia kaka yangu simu mara tatu, na hakuna hakimu aliyenipokonya sahihi yangu kwa sababu nilihitaji ushauri. Kinachoombwa kwa kijana wako ni hichohicho, ila kiandikwe ili daktari na mwalimu wakitambue.

Sitakudanganya kwamba mkataba unatosha kwa kila mtu. Wapo ambao hawajawahi kupata njia ya kuonyesha wanachotaka, na wapo waliozungukwa na watu wanaowanyonya, ambao kwao ulezi wa mambo machache yaliyotajwa na kwa muda uliotajwa unaweza kuwa kinga. Lakini mtu anayesema kwamba anataka kubaki na mama yake na kufanya kazi katika duka la vyakula amekwisha kuamua mambo mawili makubwa kabla ya kufika miaka 18. Nenda naye kwenye mkutano wa shule, yeye aseme mwenyewe habari ya duka, na udai mkalimani wa Kiswahili, ambaye shule inapaswa kumlipia. Usikubali kijana awe mkalimani wa mkutano unaomjadili yeye.

Jambo moja la haraka zaidi ya hati zote: mwandikishe leo katika orodha ya kusubiri huduma za Texas za watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, kupitia ofisi inayohusika katika kaunti yako. Foleni ya baadhi ya huduma hizo imewahi kuzidi miaka kumi, na kuingia humo hakuhitaji ulezi. Familia nyingi hujikuta zinakubali kitanda chochote kinachopatikana, katika nyumba yoyote, kwa sababu mama amezeeka ghafla na jina halikuwa kwenye orodha. Wakati huo kijana huulizwa anataka nini na watu wasio na la kumpa.

Swali la tatu

Assalaam alaykum, Mwalimu. Mama yetu alifariki mwaka huu. Dada yetu wa miaka 38 ana hali ya Down na ameishi na mama hapa Mombasa siku zote. Katika kikao cha familia baada ya arubaini ilikubaliwa apelekwe makao fulani Nairobi, na kaka yetu aliye Dubai ameahidi kulipa ada kila mwezi. Dada hakuitwa kikaoni. Alikuwa jikoni akiandaa chai ya wageni. Mimi ndiye mdogo wa wote, sina kauli. Je, ni sawa?
Kitindamimba, Mombasa

Jibu

Wa alaykum salaam. Mola amrehemu mama yenu. Si sawa, na wewe unajua, ndiyo maana ukaandika habari ya chai.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa na kuitwa kwa heshima, na ibara ya 2 inaufanya mkataba wowote ambao Kenya imeuridhia kuwa sehemu ya sheria ya nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na atakaoishi nao, sawa na wengine, na asilazimishwe kuishi katika mpango fulani. (Marekani, pamoja na kanuni zake zote za friji na milango, ilitia sahihi mwaka 2009 lakini kura za Seneti zilipungua Desemba 2012, na mpaka leo haijauridhia. Kila nchi ina kioja chake.) Kwa hiyo kwenye karatasi dada yenu ana ulinzi kuliko mnavyodhani, ingawa sitarajii umpeleke kaka mkubwa mahakamani, wala sikushauri.

Nakutahadharisha kuhusu mlango wa makao, kwa kuwa ni mwepesi kuingia kuliko kutoka. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, wanawake wawili wenye ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili, walibaki hospitalini ingawa waganga wao wenyewe walikuwa wamesema wanaweza kuishi uraiani wakipewa msaada, hadi kesi yao ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1999 iliamua kwamba kuwatenga watu hivyo bila sababu ni ubaguzi. Bi Curtis aliishi nje baada ya hapo, akawa mchoraji, na mwaka 2011 alimkabidhi Rais Obama picha yake Ikulu. Miaka iliyokwisha kumpotea hakuna aliyemrudishia.

Dada yenu anaijua nyumba ile, mtaa ule, duka la jirani na njia ya kwenda kwa shangazi. Kwa mara moja amempoteza mama, na mnataka kumwondolea na hayo mengine, katika mji asioujua, akiwa bado katika msiba. Kabla ya ada ya Dubai kuzungumzwa tena, muulize anayesimamia mirathi kwa adabu kabisa: fungu la dada liko wapi? Binti anamrithi mama yake, na hali ya Down haimwondolei fungu lake. Likiwa ni sehemu katika nyumba hiyohiyo, basi mnajadili kumhamisha mtu kutoka katika mali yake. Kisha mpigieni kaka hesabu: ada ya kila mwezi ya makao inaweza pengine kumlipa mwanamke wa mtaani anayeelewana na dada akae naye, huku ninyi mkipokezana usiku. Yeye kaka ameahidi fedha kwa upendo, na nadhani hakuambiwa kwamba ipo njia nyingine ya kuzitumia.

Kwa kuwa wewe ni mdogo, usiseme peke yako. Mtafute mkubwa mmoja anayesikilizwa, mara nyingi ni shangazi au mjomba aliyempenda mama, yeye ndiye aombe kikao kingine. Dada aelezwe siku kadhaa kabla, taratibu, kwa mfano na kwa picha, tena na mtu mmoja anayemwamini, na aulizwe zaidi ya mara moja, kwa sababu wengi wenye hali yake wamezoea kumjibu mkubwa wanachodhani anataka kukisikia. Kama makao ya Nairobi yatabaki kuwa chaguo mojawapo, basi akayaone kwa macho, alale siku chache, arudi nyumbani, ndipo aseme. Siku ya kikao akae sebuleni pamoja nanyi, karibu na huyo anayemwamini, na chai ipikwe na mtu mwingine.